Siku Chini ya Kawa

Msiniulize mji huo uko wapi. Wapo watu, ukiwasimulia jambo, la kwanza wanalotaka ni njia ya kwenda, utadhani wameshafunga mizigo. Mji upo, una nyumba na vichochoro na majirani wanaojua ulichopika kabla hujapakua, basi inatosha. Na katika mji huo siku haichomozi. Siku huletwa. Mtu akifungua mlango alfajiri hukuta kizingitini sinia limefunikwa kawa, lile kawa la ukindu tunalofunikia chakula nzi wasiguse, na chini yake ndiyo siku yenyewe, ya moto, inafuka mvuke.

Nani huileta? Hakuna aliyemwona. Walikuwepo walioamka mapema kumvizia, wakapitiwa na usingizi papo hapo mlangoni, wakaamka na alama za mkeka usoni. Kilichojulikana ni jinsi ya kula tu. Siku huliwa kwa mkono wa kulia, kutoka upande wa asubuhi kuja upande wa jioni, na watu wa nyumba moja hula sinia moja, kila mtu upande wake. Magharibi sinia hurudishwa kizingitini. Si tupu lakini! Ebo, kwani jirani akikuletea bakuli la mchuzi, unamrudishia bakuli limeoshwa likang'aa, ukamaliza? Si utatia japo ndimu, japo sukari kidogo ndani ya kikombe? Basi ndivyo hivyo. Ila humo hazikutiwa ndimu. Mtu aliinamia sinia akalinong'oneza kitu kimoja alichokipata ndani ya siku ile, akafunika upesi kabla neno halijapoa. Leo nimepata upepo. Leo mtoto kanywa dawa bila kulia. Mambo madogo madogo ya kuonea haya, ambayo mtu hayasemi mbele ya wageni.

Katika nyumba mojawapo aliishi Sikudhani na mumewe Machano, mshona kofia. Nawapenda hawa wawili, nasema mapema ili msije mkanilaumu nikiwatetea. Machano alikuwa mtu wa maneno machache na sindano nyingi. Sikudhani alikuwa na ulimi, na alijua kuutumia, lakini kila jioni yeye ndiye aliyeinamia sinia, kwa kuwa mumewe alisema mwanamke huyu ana macho ya kuona vitu. Na kweli alikuwa nayo. Alirudisha harufu ya udongo uliomwagiwa maji. Alirudisha namna binti yao Raya alivyocheka kwa puani mdomo ukiwa umejaa mkate.

Halafu Raya akafa. Msichana mzima, ana posa mkononi, akashikwa na homa na homa haikuwa na subira.

Wanawake walijaa nyumbani. Wakalia naye, wakampikia, wakamkanda miguu, na mmoja wao, kwa wema kabisa, akamwinamia sikioni akasema, "Shukuru, mwenzangu. Shukuru kwamba ulipewa ukawa naye." Neno hilo lilimwingia Sikudhani kama mwiba wa samaki kooni. Jioni ile alilichukua sinia, akalitazama, akalifunika bila kulinong'oneza kitu. Akalisukuma kizingitini kwa mguu. Kwa mguu! Na kesho yake vilevile.

Nini alichokuwa akiwaza? Mimi nilimsikia, na sikuona kosa lake. Alikuwa akisema peke yake jikoni, vipande vipande, huku akichambua mchele ambao haukuwa na chuya hata moja.

Anayeweza kuleta anaweza kuchukua. Sawa. Mwenye kuchukua anataka nini tena kwangu? Asante? Mwizi akichukua ng'ombe akakuachia kamba, unamshukuru kwa kamba?

Au asante ni kodi. Mnyonge anailipa kwa mwenye nguvu ili asipigwe tena. Basi nipige.

Nipige, nimesimama hapa.

Na kama hayupo? Kama sinia linajileta lenyewe, na sisi miaka yote tunanong'oneza bati? Hapo ndipo nitacheka.

Sichekii kitu.

Akasubiri apigwe. Alidhani siku zitakatika, au zitakuja zimeoza, au Mletaji atapita mlango wake bila kusimama. Hakikutokea kitu. Sinia lilikuja kila alfajiri. Alikula asubuhi yake, akala adhuhuri, akala alasiri ndefu isiyo na ladha, akafika jioni akiwa na hasira zake kamili. Hata akaanza kudharau. Kumbe ni vitisho vya watoto, akajisemea. Mimi sirudishi kitu na siku zangu ni nzima.

Machano tu ndiye aliyekuwa na mambo yake. Mlo ukianza, alichukua tonge moja au mawili ya asubuhi, akalamba vidole. "Kula, mke wangu. Mimi nimeshiba." Halafu akashona kidogo, akasimama, akasema, "Naenda barazani kucheza bao," akatokea mlango wa uani, asionekane mpaka kesho yake. Sikudhani hakujali. Wanaume wana namna yao ya kuomboleza, wengine hulia, wengine hupiga kete. Kilichomtatiza ni maneno. Machano alikuwa ameingia mtindo wa kuanza sentensi na kuondoka nayo.

"Mke wangu, hivi ule uzi wangu mweupe," alisema siku moja akiwa mlangoni, akatoka.

Asubuhi ya pili, akinawa mikono, akamalizia: "umeuweka wapi?"

Sikudhani alimwangalia. "Uzi gani?"

"Nilikuwa nakuuliza."

"Ulikuwa unaniuliza jana, bwana we!"

"Jana?" akasema Machano, akatabasamu kidogo kwa aibu, akala tonge lake moja. Siku nyingine alianza kupiga chafya, na chafya yenyewe ikatoka kesho. Sikudhani akasema moyoni, uzee huo, umemjia upesi masikini.

Aliyemfungua macho ni jirani yao, Bi Mize. Hirimu yake, mwanamke mwenye mdomo usio na pazia, wakipendana kwa kusutana tangu usichana. Alikuja kuazima kinu, akamkuta Sikudhani anamlaumu mumewe kwa bao.

"Bao lipi?" akauliza Bi Mize.

"Hilo la barazani. Kila siku adhuhuri huyooo."

"Mwenzangu, baraza lenyewe liko mbele ya mlango wangu. Machano hajakanyaga pale tangu msiba. Mume wangu juzi kaniuliza kama mmehama."

Sikudhani alicheka kwanza. Halafu wivu ukampanda, maana moyo wa mtu ukikosa pa kwenda huenda kwenye njia unayoijua. Mke mwingine! Mzee mzima, na matanga hayajapoa! Kesho yake akajificha nyuma ya mtungi wa uani, kanga kichwani, amekamata mwiko.

Siku hiyo hata adhuhuri haikufika. Machano akachomeka sindano kwenye kofia, akainuka, akafungua mlango wa uani polepole. Mguu mmoja ukavuka kizingiti. Wa pili haukuvuka. Hakuanguka, hakupiga kelele. Aliisha tu, kuanzia begani kushuka chini, na pale alipokuwa amesimama pakabaki mlango ulio wazi na jua la asubuhi. Sikudhani akatoka nyuma ya mtungi. Akaushika mhimili wa mlango mahali mumewe alipokuwa ameushika, akaukuta una joto bado. Akakaa chini na mwiko wake, akakaa alasiri nzima. Alfajiri ilipoletwa, mguu wa pili ukamalizia kuvuka, Machano akazunguka nyumba akaingia kwa mlango wa mbele amebeba sinia, akasema barazani leo watu walikuwa wengi.

Sikudhani akampokea sinia. Alilifunua kawa mwenyewe, akalitazama sinia kutoka upande wa mumewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba. Na hapo akaona. Siku ilikuwa imepungua. Ilikuwa imepungua sana, ipo kwenye sinia kama kiporo cha nyumba yenye watoto wengi. Lakini yote, asubuhi karibu yote, adhuhuri yote, alasiri yote, ilikuwa imesogezwa upande wake yeye, na njiani zimebaki alama za vidole vilivyoikokota. Mnajua mezani kwetu mtu anavyomsogezea ampendaye kipande cha nyama, kimya kimya, huku akijifanya anatafuta mfupa. Machano alikuwa akimsogezea saa zake. Upande wake alijibakizia ukanda wa asubuhi, mwembamba, na kila siku mwembamba zaidi. Zilikuwa zimebaki siku chache asifikie hata kuipuliza chai yake ya kwanza.

Loo, Sikudhani! Ulidhani unamnunia aliye juu. Ulisahau unakula na nani.

Basi akaazimia kurudisha kitu, na kitu kikubwa, cha kulipia majuma yote ya sinia tupu. Jioni ile alivaa buibui safi, akainama, akanena kwa sauti ya mkutanoni: anashukuru kwa uhai, anashukuru kwa afya, kwa amani na utulivu, kwa neema kubwa na ndogo, zinazoonekana na zisizoonekana. Akafunika. Alijiona amefanya jambo. Alfajiri alipofunua, maneno yake yalikuwa yamerudi, yote, baridi, yameganda pembeni mwa sinia hayakuguswa. Na siku imepungua tena.

Bi Mize aliposikia alijishika mbavu. "Umempelekea hotuba!"

"Sasa nishukuru nini? Niambie. Wewe hukuzika."

Bi Mize akaacha kucheka. Akakaa kwenye kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, akavuta kanga. "Sijui," akasema. "Wallahi sijui, Sikudhani. Mimi jana nilirudisha kwamba nimepata choo. Usinicheke. Nilikuwa na taabu siku tatu." Na wote wawili wakaangalia kwingine, maana walikuwa karibu kucheka, na Sikudhani hakutaka.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo pazito. Alfajiri iliyofuata Machano alikuwa amebakiwa na ukanda usiozidi upana wa kidole. Alikaa, akanyoosha mkono ausukume na huo upande wa mkewe. Sikudhani akamdaka kifundo cha mkono.

"Acha."

"Nimeshiba, mke wangu."

"Umeshiba nini? Mwongo mkubwa! Barazani walikuwa wengi, eh? Uliwaona wapi? Nimekuona mlangoni. Nimekuona unaisha! Unanilisha mwili wako kama mimi ni mchawi, nani kakutuma? Unataka nibaki peke yangu ndani ya alasiri hii nifanye nini nayo?"

Machano hakuwa mtu wa kufoka. Katika maisha yao yote alikuwa amefoka labda kwa paka. Lakini uso wake ukabadilika, mishipa ya shingo ikasimama, na sauti aliyoitoa ilifika kwa Bi Mize.

"Na wewe je? Wewe ulifanya nini? Uliingia ndani ya msiba ukafunga mlango. Nimegonga, hukufungua! Watu wote walikuja kukupa pole wewe, wakanipita mimi barazani kama mimi ndiye niliyeleta turubai. Nikasema sawa, mama ni mama, nikakupisha. Nikakupa nafasi yote. Nikakupa hata siku zangu. Lakini Raya hukumzaa peke yako, Sikudhani! Nilimbeba. Nilimwogesha alipokuwa hajui kukaa. Na mimi nilikuwa na..."

Akaisha. Mdomo wazi, mkono hewani.

Sikudhani alibaki na siku nzima mbele yake na sentensi isiyo na mkia. Alizunguka nyumba. Alipokuwa chumbani alikuwa mwanamke mtu mzima. Alipopita ukumbini akajiona bi harusi, miguu ina hina, anasubiri kijana mmoja mshona kofia aliyesemekana haongei. Alipofika jikoni akawa mama anayemfokea mtoto kwa kudokoa. Katika mji ule saa zikipungua, miaka hugusana. Alikuwa na nini? Alikuwa na nini Machano? Alikuwa na deni? Alikuwa na uchungu? Mbona sikumuuliza hata siku moja, akasema. Mbona sikugeuka kumwangalia.

Kelele zake. Bado zinalia masikioni.

Ana sauti, kumbe.

Amenifokea, mimi! Na nimefurahi. Nina wazimu? Nimefurahi kweli.

Kwa sababu mtu aliyekufa hafoki.

Jioni alilichukua sinia. Hakuvaa buibui safi, alikuwa na kanga ya jikoni yenye doa la manjano. Aliinama mpaka pumzi yake ikagusa bati.

"Sikia," akanong'ona, na sauti yake haikuwa ya unyenyekevu hata kidogo. "Wewe uliyepo au usiyepo. Kwa kunichukulia mwanangu sikushukuru. Hilo silitii humu, leo wala kesho, usilisubiri. Lakini leo nimegombana na mume wangu. Amenifokea mpaka jirani kasikia. Ameniambia alimwogesha. Nilikuwa nimesahau kwamba alimwogesha, na maji yalikuwa yakimwingia machoni, yeye baba, mtoto anacheka. Nilidhani mimi ndiye pekee niliyebaki ninayemjua. Tupo wawili. Hicho ndicho nilichopata leo. Kichukue kikiwa cha moto."

Akafunika, akalibeba kwa mikono miwili, akaliweka chini taratibu. Alikuwa na hofu. Kama lisingekubaliwa, kesho hapangekuwa na ukanda wa kumrudisha Machano hata kwa neno moja.

Alfajiri alifungua mlango kabla hajanawa uso. Sinia lilikuwepo. Alilileta ndani, akaliweka mkekani, akaketi upande wa mumewe badala ya upande wake, akafunua kawa.

Siku haikuwa kubwa. Sitaki kuwadanganya, haikuwa karamu. Ilikuwa ndogo kuliko siku za zamani, na upande wa jioni ulikuwa na giza kidogo. Lakini ilikuwa imeenea sinia, pande zote mbili, na ilikuwa inafuka.

"...haki ya kumlilia," akasema Machano.

Alikuwa ameketi pale pale, mkono bado hewani. Akautazama mkono, akaushusha. Halafu akalia. Alilia vibaya, kama mtu asiyejua kazi hiyo, kwa mikoromo na makamasi, na Sikudhani akamshika kichwa akakilaza mapajani pake, akamfuta kwa ile kanga ya doa. Hakumwambia nyamaza. Alimsaidia.

Wakala asubuhi. Machano alipotaka kumsogezea, mkewe akampiga kofi la mkono. "Kula chako." Adhuhuri ikafika, Machano akainuka kwa mazoea akaenda mlango wa uani. Mguu mmoja ukavuka. Sikudhani alikuwa nyuma yake, ameshika pindo la shati lake kwa vidole viwili, kana kwamba vidole viwili vingeweza kumzuia mtu kuisha. Mguu wa pili ukavuka. Machano akasimama uani, akauangalia mguu wake, akaangalia ukuta, akaangalia nguo kwenye kamba.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Alasiri."

"Jua lake kali hivi?"

"Lilikuwa hivi siku zote. Kaa kivulini, utaumwa kichwa."

Wakakaa kwenye mkeka, migongo ukutani. Hawakujua la kufanya na wakati wote ule. Nzi akapita. Kwa Bi Mize mtu alikuwa akitwanga. Kisha Sikudhani, bila kumwangalia, akasema, "Nisimulie Raya. Yale ambayo mimi sikuyaona."

Machano akanyoosha miguu mkekani. Halafu kitu kikamvuta upande wa mdomo.

"Alinikataza."

"Alikukataza nani?"

"Raya. Alinilisha kiapo. Alikuwa hata meno ya mbele hana. Unaikumbuka kofia ya harusi ya kaka yako?"

"Iliyotafunwa na panya."

"Haikutafunwa na panya."

Sikudhani akageuka.

"Nilikuwa nimeimaliza, nimeianika juu ya kibuyu," akasema Machano. "Nikaenda kuswali. Kurudi, kofia hakuna, mtoto hakuna. Nikatoka nje, nikamkuta Raya barazani. Kamvisha kofia mbuzi wa jirani, kamkalisha kwenye mkeka. Na Mzee Hija wa pale barazani, na macho yake yale yasiyoona vizuri, kajisogeza kumpa nafasi, anamuuliza habari za nyumbani!"

"Weee!"

"Naapa. Na Raya kasimama pembeni, anamjibia mbuzi kwa sauti nzito. 'Hawajambo, sheikh, wanakusalimu.' Mimi ile kukimbilia, mbuzi keshaivua, anaila. Tukasema panya. Kaka yako akaozwa na kofia imeliwa upande mzima wa sikio."

Sikudhani alifungua mdomo amlaani, kicheko kikamtoka puani. Alicheka akashika ubavu, akapiga mkeka, machozi yakamwagika na hakujua ni ya lipi. Majuma yote yale alikuwa amefungiwa ndani ya vitu vilevile alivyovijua, amevitazama mpaka vimechakaa, akiamini mwanawe amemaliza, hatafanya tena jambo ambalo mama yake halijui. Na sasa hivi, mchana kweupe, Raya alikuwa amefanya jipya.

"Mtoto mpumbavu huyu!" akasema, akijifuta. Akamsogelea mumewe mpaka mabega yakagusana. "Enhe. Halafu akafanya nini?"